Jina Lililobaki Mkekani

Da Zainabu,

Nakuandikia nikiwa juu ya stuli yako. Ndiyo, nimeikalia, na mguu wake mmoja bado unacheza vilevile. Tangu homa ikuchukue nilikuwa nimefunga kibanda chetu cha fotokopia hapa Mocímboa. Juma hili nimekifungua. Watu wanaleta vyeti vyao, wanachungulia wakutafute, halafu wanakumbuka. Kesho ni arobaini yako.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Nilikuwa mbishi, nikidhani kinachoonekana kwenye skrini kimeshawekwa. Ukaniambia: "We Mwajuma, hapo ni mkekani tu! Kompyuta inatandaza vitu ili ifanye kazi. Enerjia, umeme huu, ikikatika mkeka unakung'utwa, hakibaki kitu. Cha kudumu kitie kashani." Kasha ndilo disco, ile diski ya ndani, na ufunguo wake ni kitufe cha Guardar, yaani hifadhi. Taa ikifumba na kufumbua tu, unapiga kelele, "Kashani!" Wateja wakaamini ni Kireno cha kompyuta. Yule mzee muuza samaki si alikwenda kumwambia karani wa serikali, "Senyora, kashani kwanza!" Ulicheka hadi ukakaa chini mchangani. Nakitamani kicheko kile, dada.

Tulipokimbia vita uliiacha kompyuta, ukachomoa disco peke yake ukaifunga kiunoni kwa kitambaa cha kapulana, hadi tuliporudi ukaitia kwenye kompyuta hii. Humo yamo majina ya marehemu wetu, yale tunayomchapishia shehe kila tunaposoma hitima.

Sasa nikwambie kosa langu. Juma hili nimeandika jina lako mara tatu, chini ya la babu, na mara zote tatu sikubonyeza Guardar. Mara ya kwanza enerjia ilikatika yenyewe. Mbili zilizofuata nilichomoa waya kwa mkono wangu. Nikiwasha tena, orodha inaishia kwa babu, nami nafurahi kama mwehu. Da Zainabu hayumo!

Leo asubuhi mama alifuata karatasi ya majina. Kusoma hajui, lakini alinitazama usoni akaelewa. "Mwanangu, kesho wenzake wote wataombewa. Yeye umwache mlangoni?" Nililia mbele ya wateja.

Nimeliandika mara ya nne. Zainabu binti Saidi. Bado liko mkekani.

Kwaheri, dada yangu. Nakuahidi stuli sitaitengeneza, na yeyote nitakayemfundisha ataanza na neno lako.

Taa imefumba, ikafumbua. Nimebonyeza, Da.

Umo kashani.

Mdogo wako,
Mwajuma