Mabati Hayana Mavuno

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na ukitaka nikuombe radhi utangoja sana, kama ulivyongoja bei ya mabati.

Siku uliyostaafu kule chuo cha kilimo cha Bukura, baada ya miaka yote ile ya kutunza stoo ya majembe na mbegu, ulifika nyumbani na kiinua mgongo chako kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ukamwambia mama, "Nyumba ya nyasi, kwaheri!" Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna harusi.

Tulienda Kakamega mjini, wewe na mimi. Mwenye duka akataja bei ya mabati, ukacheka. "Tungoje mavuno," ukaniambia. "Kila kitu kinashukanga baada ya mavuno." Maisha yako yote uliona mahindi yakiwa ghali mwezi wa sita, na yakishavunwa watu wanakubembeleza uyachukue. Lakini mabati hayalimwi, Baba! Ukaweka pesa benki, kitabu ukakifungia sandukuni.

Mafuta yakapanda, sukari ikapanda, mabati yakatangulia mbele. Kila baada ya mavuno ulivaa koti lile ukaenda kuuliza bei, ukarudi mikono mitupu ukisema, "Bado kidogo." Pesa haikupungua hata senti, na riba ilikuwa inaingia. Ila kile ambacho ingenunua kilipungua. Ya kuezeka nyumba nzima ikawa ya kuezeka nusu, halafu jiko tu. Mama akawa anahamisha kitanda, leo mlangoni, kesho upande wa kuku, akikimbia matone. Mwishowe kitabu kile kilinunua jeneza lako na obusuma, ule ugali wa waombolezaji. Nililia, Baba, na sijui kama ni uchungu au hasira iliyozidi.

Mwaka jana ofisi nilimokuwa napiga taipu ilifungwa, nikalipwa akiba yangu ya kazini. Kabla sijamaliza chai, mdogo wako alikuwa amefika.

"Weka benki kwanza, bei itashuka," akasema. "Na tena msichana hapandishi paa kwa boma la babake. Utatuletea mkosi."

"Baba mdogo," nikamjibu, "mwanamume wa boma hili alingoja bei mpaka tukamzika. Mimi singoji."

Aliondoka bila kuaga. Nami nilienda dukani siku hiyo hiyo. Bei iliniuma, lakini nikalipa. Fundi wa ukoo alikataa kupanda juu, basi nikamleta mwingine kutoka Navakholo. Kwa pesa iliyobaki nilinunua ng'ombe wa maziwa, kwa sababu vitu vikipanda, maziwa nayo yanapanda. Waseme watakavyo! Ningerudi mwanzo, ningefanya vile vile.

Juzi mvua ilishuka mchana, ile yetu ya kishindo. Mama akainuka, kwa mazoea akashika kitanda akivute. Nikamwambia, "Kiache, mama." Akakaa juu yake, akatazama mabati, akasema, "Mzee angesema bado kidogo." Tulicheka mpaka tukalia. Nilikukumbuka sana, wewe na koti lako.

Lala, Baba, usingoje tena. Kitanda cha mama hakihami.

Ni mimi binti yako,
niliyepandisha paa.