Walichokisoma Tumboni mwa Yana

Pukakancha,
Jumanne, 17 Juni 2003.

Mpendwa binti yangu Eudocia,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, mume wako Rolando na mjukuu wangu Edison. Hamjambo nyote? Kile kikohozi cha mtoto ulichoniandikia kimekwisha, au unyevu wa Lima bado unamsumbua? Mchemshie majani ya mkaratusi kila jioni, na usimvue soksi hata kama jua limetoka. Mimi sijambo. Goti la kushoto ni lile lile unalolijua, meno yamebaki ya kutosha kutafuna mahindi ya kukaanga, na viazi tulivuna vizuri. Sasa tunavianika usiku vigande kwa baridi, asubuhi tunavikanyaga kutoa maji, kisha vikauke. Mtaletewa.

Hizo ndizo salamu. Sasa niruhusu nikueleze hasira yangu, maana nimeibeba wiki mbili na haipungui.

Najua kila Jumapili watu wa kwetu mlioko huko mnakutana pale uwanjani, wanaume wanacheza mpira, wanawake wanapika, na habari za Pukakancha zinagawiwa pamoja na supu. Huenda umeshaambiwa kwamba baba yako, mgane wa miaka sitini na tatu, amezaa na shemeji yake. Ni uongo. Tena ni uongo wa kijinga, na nataka uusikie ukweli kutoka kwangu kabla hujaona haya mbele za watu.

Unamkumbuka Yana, yule simbilisi mweusi asiye na unywele hata mmoja mweupe, wa uzao ule ule aliokuja nao mama yako siku ya ndoa yetu. Marcelina alipofariki, wanawake wa hapa walisema simbilisi wa jikoni wanamjua mwanamke tu, na kwamba wakibaki na mimi watakwisha kabla ya mwaka. Walinitania nivae na sketi kabisa. Huu ni mwaka wa pili, na nilikuwa nimefikisha kumi na tisa. Hakuna aliyerudi kuniambia samahani.

Yana alijifungua Jumanne ya tarehe tatu, asubuhi, nyuma ya jiko. Watoto wanne. Wanne, Eudocia, na mama mwenyewe ana chuchu mbili. Walitoka na manyoya yao, macho wazi, meno yamo, na chai yangu haijapoa walikuwa wanatembea. Nilifanya kila kitu kama nilivyokuwa nikimwona mama yako akifanya. Dume nilimtenga saa ile ile kwa ukuta wa matofali mabichi, kwa sababu yule hana adabu, mke hajamaliza kuzaa naye anamtaka tena. Majani ya alfalfa niliyakata mapema nikayaacha yanyauke nusu siku, kwani yakiwa na umande yanajaza tumbo upepo na kuua. Nilimkorogea mama pumba za shayiri kwa maji ya uvuguvugu, na maji ya kunywa nikamwekea kwenye mkebe wa samaki, maana kiu ya anayenyonyesha haikatwi na majani peke yake. Mdogo kuliko wote alikuwa anasukumwa na wenzake, basi nikawa nawaondoa wawili walioshiba ili naye apate zamu yake. Nilikuwa na furaha na kazi hiyo, sioni haya kusema.

Kesho yake akaja mama yako mkubwa Nicolasa. Unamjua dada wa mama yako, hakai nyumbani kwa mtu bila kukosoa moshi wa jiko au chumvi ya supu. Siku hiyo hakukosoa kitu. Uso ulikuwa umemgeuka manjano. Alisema tumbo linamvimba tangu wakati wa mavuno ya mahindi, chakula hakikai, na usiku hapati upande wa kulalia. Alikuwa amekwenda kwa mganga Melquíades ili asomwe kwa simbilisi, ugonjwa wake uonekane tumboni mwa mnyama, na Melquíades amemwambia mwanamke husomwa kwa jike, tena aliyekomaa, mweusi bila doa. Kijiji kizima wa namna hiyo alikuwa mmoja tu.

Nikamwambia huyo ana watoto wa siku moja. Nikamtolea jike la madoa, akakataa. Nikamwomba angoje wiki mbili tu, watoto waweze kujilisha, nami nitamletea Yana kwa mikono yangu.

"Marcelina angekuwa hai," akasema, "angenipa kabla sijamaliza kuomba."

"Marcelina angekukumbusha kwamba mwenye maziwa hachukuliwi," nikamjibu.

Akaondoka bila kuigusa supu niliyomwekea.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya maji. Nilitoka alfajiri kwenda kufungua mfereji wa shamba la juu, nikarudi kama saa tano. Kabla sijafungua mlango nilisikia mlio. Unaujua ule mlio wao wa njaa, mwembamba, usiokoma. Nyuma ya jiko watoto wanne walikuwa wamejibana kwenye majivu, mama yao hayupo. Juu ya kigoda kulikuwa na mfuko wa unga wa shayiri uliofungwa vizuri. Eti tumebadilishana. Mtu ameingia nyumbani kwangu sipo, amembeba mama wa watoto wa siku mbili, halafu ananiachia unga kana kwamba tumekubaliana! Sikufunga hata mlango.

Nilikwenda kwake mbio, goti likiuma hivyo hivyo. Nilichelewa. Yana alikuwa ameshapitishwa juu ya mwili wa Nicolasa kutoka utosini hadi nyayoni, ameshakufa mikononi mwa mganga kama wanavyokufa wote katika kazi hiyo, na Melquíades alikuwa ameshamchuna na kumfungua juu ya beseni la maji. Majirani walijaa mlangoni, kwa kuwa kusomwa kwetu si jambo la siri. Nikasimama nyuma yao.

Melquíades alitazama sana. Akabonyeza hapa, akageuza pale. Kisha akasema kwa sauti ile yake ya kanisani:

"Mama, mimi ugonjwa siuoni. Maziwa yamejaa, na mji wa uzazi bado haujarudi mahali pake. Mwili huu umetoka kuzaa sasa hivi."

Eudocia, mwanamke ana miaka sitini na sita, na mume wake alikufa miaka ishirini iliyopita. Mganga mwenyewe alibaki ameduwaa. Nicolasa alikuwa amemficha kwamba mnyama ananyonyesha, akijua asingekubali kumtumia, maana simbilisi mwenye maziwa hutoa habari zake mwenyewe badala ya za mgonjwa. Basi pale alikuwa na njia mbili, akiri mbele ya majirani kwamba ameiba mama wa watoto, au anyamaze. Alinyamaza. Alijivutia shuka hadi puani. Nami nikageuka, nikarudi kwa watoto wangu.

Sasa sikia kazi niliyoachiwa. Niliomba maziwa ya kondoo kwa jirani yetu Teodosia, nikayapasha moto kidogo, nikawa nachovya kitambaa na kuwanyonyesha mmoja mmoja, nikimaliza wa nne yule wa kwanza ameshaona njaa tena. Niliwalaza ndani ya kofia yangu ya sufu pembeni ya jiko, na kila wakishiba niliwafuta matumbo kwa kitambaa chenye maji ya moto kama mama yao alivyokuwa akiwalamba, la sivyo choo hakitoki. Yule mdogo alikufa Jumamosi, kiganjani mwangu, bila kulia. Nililia mimi. Watatu wako hai, wanakula majani, na wameanza kuruka ovyo jikoni kama watoto wa simbilisi wanavyotakiwa kuruka.

Kufika Jumapili uvumi ulikuwa umekomaa. Mama mzima amezaa, sasa mtoto yuko wapi na baba ni nani? Wakakumbuka kwamba Nicolasa alionekana akitoka kwangu Jumatano, tena Alhamisi, na mara ya pili alikuwa amebeba kitu ndani ya shuka. Wakakumbuka kwamba siku hiyo hiyo nilipita mbio kuelekea kwake. Teodosia naye akaongeza kwamba nimeomba maziwa. Basi, kesi imekwisha.

Kwenye mkutano wa maji, Crisólogo, yule anayegawa zamu, aliniuliza mbele ya wanaume wote:

"Mzee Abdón, tukuongezee saa moja ya maji? Tunasikia familia imekua."

"Niongezeeni adabu, hiyo ndiyo iliyopungua hapa," nikamwambia, na wakazidi kucheka. Asubuhi moja nilikuta mlangoni kwangu mkanda mpya wa kumfungia mtoto mchanga, mwekundu, umefumwa vizuri kabisa. Yaani kuna mtu mzima aliyekaa chini siku mbili akafuma, ili anicheke tu. Hawana mashamba hawa?

Nilimweleza ukweli kila aliyekuwa na masikio. Niliwaita jikoni wawaone watoto watatu. Waliwatazama, wakasema ni wazuri, wakatoka wakikonyezana, kwa sababu mwanamume aliyefumaniwa hakosi maelezo. Nikamwendea Melquíades, nikamwomba atangaze kwamba alipewa mnyama asiyefaa. Alinifokea. Alisema mkono wake haujakosea kwa miaka arobaini, na hatauaibisha leo kwa ajili ya simbilisi wangu.

Nimesoma tena nilichoandika mpaka hapa, na naona nimemkasirikia kila mtu isipokuwa mmoja.

Juzi Teodosia aliniambia kwamba Nicolasa hajatoka nje kwa siku nne. Nikaenda, mchana kweupe, wanitazame wanavyotaka. Nilimkuta ameegemea ukuta. Tumbo limekuwa gumu na kubwa, miguu imevimba, na usoni imebaki mifupa. Nikamwambia nimpandishe farasi twende zahanati, ni mwendo wa saa mbili tu. Akakataa. Alisema akipita njiani na tumbo lile kwenda kwa muuguzi, watasema anakwenda kuzaa pacha aliyebaki. Afadhali afie kitandani kwake.

Halafu akasema, bila kunitazama:

"Ulikuwa mlangoni siku ile, Abdón. Nilikuona."

"Nilikuwepo."

"Ungesema tu, huyo mnyama ni wangu, amezaa juzi. Basi. Mimi nilishindwa, lakini wewe ungesema."

Nilikuwa nayo hayo maneno, mwanangu. Yalikuwa mdomoni. Mganga alipotaja maziwa, mimi nilielewa kabla ya mtu mwingine yeyote pale, na nikawaza, mwache aaibike, amejitakia. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nilipomnyonyesha yule mdogo kwa kitambaa nilikuwa bado nimeridhika. Tangu siku hiyo nimeyasema maneno hayo kwa kijiji kizima, na hayana kazi tena, kwa sababu niliyasema baada ya kuchekwa mimi.

Nilimwomba radhi. Naye akaniomba radhi kwa ajili ya Yana, nikamwambia ukweli kwamba hilo bado sijalisamehe, lakini hospitali lazima aende. Tulizozana sana. Mwishoni amekubali kutibiwa huko kwako tu, kwa daktari asiyemjua. Kesho zinatimia zile wiki mbili nilizomwambia angoje. Wiki mbili zilikuwa ndogo sana nilipokuwa nawafikiria simbilisi, na kwa tumbo lile sasa naziona ndefu mno.

Barua hii naikabidhi kwa dereva kesho, utaipata Alhamisi. Nicolasa atapanda basi la Ijumaa, na Jumamosi asubuhi atakuwa Lima. Ningekuja naye mwenyewe, lakini amekataa katakata tusionekane kwenye basi moja, na safari hii nimemsikiliza. Nitamsindikiza mpaka barabara kuu, na wacheke. Mtengenezee supu nyepesi bila mafuta, mlalishe akiwa ameegemea mto, na usimwache peke yake na madaktari, kwa sababu atawaambia haumwi. Viazi vilivyokwisha kukauka nitamfungia kwenye mzigo wake, pamoja na soksi nilizomfumia Edison.

Nisalimie sana Rolando na mama yake, pia shangazi yako Herminia, na binamu yako Zósimo, mwambie lile jembe lake ninalo, limelala salama. Mwenyezi Mungu awafunike kwa mkono wake, awape kazi isiyowavunja mgongo, na usingizi mzuri.

Jambo moja tu, mwanangu, nalo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Basi la Ijumaa hupandwa na watu wetu, na pale kituoni watakuwepo wengine waliokuja kupokea mizigo. Wote watakuwa wanamtazama tumbo. Usimngoje pembeni. Nenda mpaka mlangoni mwa basi, na kabla mguu wake haujagusa chini mwite mama kwa sauti kubwa, uwaambie wote kwamba mama yako anaumwa na umekuja kumpeleka hospitali.

Wako akupendaye,
baba yako,
Abdón Taipe.