Namba Mkiani mwa Ndege ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, kisha nikarudi kwenye karatasi ya stika. Lenzi, rula, picha. Alama za jeshi za kwenye mabawa ziko sawa. Pembetatu za onyo kando ya kiti cha rubani, sawa, ingawa wekundu umezidi. Namba ya mkiani, hapana. Ile tarakimu 4 waliyochapisha imefungwa kichwani, kama pembetatu. Baba, aliyeipaka kwa mkono wake alipokuwa fundi wa ndege za kivita, aliniambia ilikuwa wazi juu.

Ndege yenyewe, mfano mdogo wa ile ya Baba, nimemaliza kuiunda. Plastiki, ndefu kama mkono wangu, rangi imekauka vizuri. Imebaki stika tu. Nataka Baba aione kabla macho hayajaisha. Ugonjwa wa sukari umeshalila jicho la kulia. La kushoto, daktari anasema, liko njiani.

Alhamisi, 6 Machi
Waliochapa stika wamejibu kutoka Ulaya. Wana picha, wanasema. Picha hawakutuma. Washenzi.

Kiprono amepiga simu. "Bandika tu, Chebet. Mzee haoni hata sahani yake." Nimemkatia. Ndugu yangu angevaa viatu viwili vya mguu mmoja na asione tatizo. Miaka yote hii watu wanaounda ndege za mfano wananitumia stika nizikague kabla hawajanunua, na nimezichambua za wengine bila huruma. Leo nibandike makosa kwenye ndege ya baba yangu? Thubutu.

Jumapili, 9 Machi
Burnt Forest, kwa Mzee Njoroge. Alifanya kazi na Baba kwenye banda moja la ndege. Sasa analima viazi. Nilimuuliza kuhusu ile nne.

"Nilikuwa na picha, mwanangu. Ziliungua na nyumba."

Hakusema mwaka gani. Hakuna haja, huku kila mtu anaujua ule mwaka wa machafuko ya uchaguzi. Tulikunywa chai tukizungumzia bei ya mbegu. Nilijiona mjinga, kwenda kumfukulia mzee majivu yake kwa sababu ya tarakimu. Akanifungia gunia la viazi nimpelekee Baba.

Jumatano, 12 Machi
Plateau, hospitalini alikolazwa Baba, baada ya vipindi shuleni. Nimemuuliza Baba tena. Imefungwa, akasema. Alipomaliza uji: wazi. Kisha akaniuliza kama Njoroge amesharudi kutoka likizo.

Sasa sina shahidi. Nimerudi nyumbani na hasira, na sijui namkasirikia nani.

Jumamosi, 15 Machi
Siku mbaya.

Niliibeba ndege bila stika. Nilifikiri alione umbo kwanza, namba itafuata nikishapata ukweli. Baba alikuwa amekaa dirishani, jicho la kushoto bado lina mwanga kidogo. Nikamwekea mapajani. Akaisogeza karibu na uso, akaigeuza. Akaangalia mkiani upande huu, akaangalia upande ule. Kisha akaiweka kitandani, akaficha mikono chini ya blanketi.

"Hii ni ndege ya nani? Haina namba. Mimi sigusi ndege isiyo na namba."

Nilimweleza. Hakusikia. Kazini kwao ndivyo ilivyokuwa: fundi hakugusa hata skrubu kabla ya kusoma namba ya mkiani na kuhakikisha ndiyo aliyopewa. Aliwahi kunisimulia hayo nikiwa mdogo, kwa majivuno. Leo alikuwa anaogopa. Baba yangu, anaogopa plastiki niliyomtengenezea mimi. Akamwita muuguzi aiondoe.

Nimelia kwenye choo cha wageni.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani sikwenda. Maji ya vuguvugu ya kulowekea stika kwenye kisosi, mkasi, brashi. Nimebandika namba pande zote mbili kama ilivyochapwa, nne imefungwa. Sikupima. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika ugali.

Ningeweza kufanya hivi wiki mbili zilizopita. Hilo ndilo linaniuma, na litaniuma.

Jumatano, 19 Machi
Jicho la kushoto limezima.

Nilimwambia, Baba, nimeileta, sasa ina namba. Akanyoosha mkono mwenyewe. Alifurahi, naapa. Kidole kikaenda moja kwa moja mkiani, kikapapasa juu, chini, upande wa pili. Kikarudia.

"Iko wapi?"

Stika nzuri haihisiki kwa kidole. Inalala mpaka inakuwa rangi tu. Hilo ndilo tunalojisifia sisi watu wa kazi hii, na hii nilikuwa nimeilaza vizuri ajabu. Nikamshika kidole nikakiweka juu ya namba, nikamsomea tarakimu moja moja. Akatoa mkono wake.

"Unanidanganya, msichana."

Hakuniita Chebet.

Ijumaa, 21 Machi
Baba amefariki asubuhi. Kiprono ndiye aliyekuwa naye.

Jumamosi, 29 Machi
Tumemzika. Mvua. Kiprono aliiweka ndege juu ya jeneza wakati wa ibada. Watu wakasifu, wakapiga picha na simu. Hakuna aliyesoma namba. Mzee Njoroge alisimama kidogo mbele ya ndege, kofia mkononi, akapita.

Walipotaka kumteremsha, nikaichukua. Asingependa kuzikwa na ndege asiyoijua.

Jumapili, 6 Aprili
Kwa Mama. Ndege iko juu ya kabati, pembeni ya redio. Asubuhi aliifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, akasugua kama anavyosugua sufuria. Kwa haraka ile sikuwa nimeipaka vanishi ya kuilinda stika. Namba imetoka, upande mmoja wote, na nusu ya upande wa pili.

Alinionyesha vipande vilivyonata kwenye kitambaa. Akaniomba msamaha mara nyingi, yeye mama yangu, kwa sababu ananijua.

Nilimwambia haidhuru. Nikasuuza kitambaa, nikakianika. Tukamenya viazi.