Kiti cha Marieta

Guta, 4 Februari 1991

Kwako shemeji Alfonce,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kigera, Musoma, wewe, Hyasinta na watoto. Huku Guta wote wazima, tatizo ni jua tu, pamba imesinyaa.

Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu: dada yako Marieta ana mimba ya miezi saba. Daktari wa Bunda amerudia maneno yale yale ya mwaka juzi. Hawezi kujifungua bila kupasuliwa, na uchungu ukianza tu awahishwe hospitali. Wewe unaijua njia yetu wakati wa masika, gari haliingii. Ni pikipiki au basi.

Ulisema hapo kwa wakala wa pikipiki unapofanya ufundi vimeletwa viboksi vya umeme vya kuwashia moto wa plagi, mtu akifunga anaachana na platini kabisa. Tulivyokuwaga tunateseka na platini miaka ile madukani hamna kitu! Nakuja na pikipiki yangu wiki ijayo unifungie. Safari hii haizimi.

Ni mimi shemeji yako,
Enoka

Musoma, 9 Februari 1991

Shemeji Enoka,

Salamu nimezipata. Sisi hatujambo, Hyasinta anawasalimu.

Nisikufiche, habari hii imeninyima raha. Bado namwona Marieta mwaka juzi kalala kwenye majani pale mbugani, mvua inampiga, na wewe umechutama kwenye pikipiki iliyozima unasugua platini kwa msasa. Mtoto alifia tumboni pale pale, na mama yake nusura amfuate. Sikuilaumu mvua, shemeji. Nilikulaumu wewe uliyesubiri mpaka uchungu ukaanza.

Lete pikipiki, nitaifunga mwenyewe. Kiboksi ni kizuri, maji hayakisumbui. Lakini mwezi wa tatu ukianza, mlete na Marieta akae kwangu asubiri siku zake. Bunda hamna ndugu, na hospitali hawampi kitanda mtu ambaye hajashikwa na uchungu. Hapa mjini hakuna tope la kumzuia.

Shemeji yako,
Alfonce

Guta, 25 Februari 1991

Kwako shemeji,

Habari za tangu tuachane? Mimi nilifika salama. Marieta anashukuru sana kwa wale samaki, sato, ulionipa, kawala wawili peke yake.

Shemeji, wewe fundi bwana! Kiki moja tu, imewaka. Juzi nimeimwagia ndoo nzima ya maji kusudi, haikukohoa hata kidogo.

Halafu kuna jambo nilikuwa nakuficha. Wakati wa kurudi nilichepuka Butiama kwa shangazi, nikalala. Pale yupo fundi wa kuchomelea anaitwa Keraryo. Kanichomelea kiti cha nyuma kipana, kina egemeo na cha kushikia huku na huku, kimekamata kwenye chasisi kabisa. Marieta atakaa kama bibi arusi. Watu wanatoka huko kuja kukitazama!

Hilo la kumleta kwako, hapana. Mke wangu akajifungulie kwa kaka yake mimi nipo? Watasema nimemrudisha kwao, nadai ng'ombe zangu za mahari. Na ng'ombe zenyewe wewe ulishaoa nazo. Tuliache hilo.

Shemeji yako,
Enoka

Musoma, 1 Machi 1991

Shemeji Enoka,

Hamjambo wote? Nijibu hili kwanza. Keraryo alipokuwa anachomelea, kiboksi kilichomolewa nyaya au kilikuwa kimefungwa?

Mungu wangu! Nilikuambia mtu asikiguse, sikuwaza kama kuna atakayepitisha umeme wa kuchomelea kwenye chasisi. Ule unapita kwenye chuma unakwenda kukipiga. Na hakifi siku hiyo hiyo. Unawasha inawaka, unafurahi, ukienda safari ya maana kikipata joto kinakata. Maji siyo kipimo. Iendeshe mpaka injini ichemke, ndiyo utajua.

Dukani vimekwisha. Vingine mpaka viagizwe Dar, na hakuna anayejua lini.

Alfonce, shemeji yako

Musoma, 15 Machi 1991

Shemeji Enoka,

Natumaini mko wazima, maana kimya chako kimezidi. Kondakta wa basi ameapa barua alikupa mkononi.

Mvua imeanza huku, bila shaka na kwenu. Umepima? Kama umenuna, nuna, lakini pima. La sivyo nakuja kumchukua mwenyewe, tugombane huko huko mbele ya wazee wenu. Siziki tena mtoto wa dada yangu eti kwa sababu watu watasema.

Marieta, kama ni wewe unayesoma, dada yangu, mwambie.

Alfonce

Bunda, 27 Machi 1991

Kwako shemeji Alfonce,

Salamu zako nilizipata zote. Barua ya kwanza niliichana. Nilijua unatafuta njia ya kumchukua dada yako, nionekane si mwanaume. Kila asubuhi nilikuwa nawasha, kiki moja, namwambia Marieta, "Unaona?"

Ya pili aliisoma yeye. Alitoka na tumbo lake akapanda kwenye kile kiti, akasema, "Twende Bunda na kurudi. Ikifika, sitakuuliza tena." Nikamshusha. Nikafunga gunia la mchanga mahali pake, nikaenda peke yangu.

Imezima mbugani, shemeji. Nimepiga kiki mpaka goti limevimba. Mvua ikanikuta pale pale na gunia langu, nikalia kama mtoto, sioni aibu kukuambia. Ilipopoa ikawaka kiki moja.

Barua hii anakuletea Marieta mwenyewe. Jana tumemvusha mbuga kwa mkokoteni wa ng'ombe, nusu siku nzima, na sasa hivi nampandisha basi na mama yangu. Wanaotaka kusema waseme. Mimi sina uso wa kufika kwako leo, lakini wewe mpokee. Nijibu upesi, salamu uziache.

Shemeji yako,
Enoka

Musoma, 2 Aprili 1991

Enoka,

Walifika. Mama yako alichoka tu, akalala na viatu.

Uchungu ulimshika Marieta Jumapili ya Pasaka tukiwa tunatoka misani. Tukamfikisha hospitali bado kashika kitenge cha kanisani, wakampasua mchana ule ule. Angekuwa Guta, shemeji, saa zile mkokoteni hata mbuga haujaiona. Damu ilimwisha. Jana kutwa hatukujua itakuwaje, ndiyo maana sikuandika. Niliogopa nikuandikie jambo, halafu kesho yake nikuandikie lingine.

Leo asubuhi amefumbua macho akaomba uji. Amemaliza bakuli, anagombana na Hyasinta anataka lingine.

Jina bado. Marieta amekataza mtu yeyote kutaja jina mpaka ufike. Panda basi la kesho, na huo uso unaosema huna, njoo hivyo hivyo bila huo uso.

Ni mimi, mjomba wa binti yako,
Alfonce