Samaki Anayeuma Bila Njaa

Shirin mjukuu wangu,

Sisi hapa Wembley tu wazima. Bibi yako goti linamsumbua, ulimi bado mzima. Umeniuliza kama ni wazimu kukaa Toronto miezi mitatu bila kufungua sanduku.

Mimi tulipotoka Mombasa nilikaa nalo mwaka mzima limefungwa, nikigombana na kila mtu. Siku moja mzee Mwingereza wa kiwandani kwetu akanichukua kwa mashua tukavue samoni kwenye mlango wa mto. Nikatia kipande cha ngisi kwenye ndoana, kama tulivyovua Likoni. Maji yakajaa, hakuna samaki aliyegusa. Nikamsumbua mzee tukahama mara tatu.

"Huyu anarudi alikozaliwa," akaniambia. "Akishaingia mtoni, hali kitu."

Akatupa ndoana yake yenye manyoya mekundu. Samoni akairukia.

"Mbona kala?"

"Hajala. Ameuma kwa hasira tu."

Nilipofika nyumbani nikamwomba bibi yako anisaidie kufungua masanduku.

"Masanduku gani?" akasema. "Langu nililifungua wiki ile ile tuliyofika. Limebaki lako."

Babu yako, mwenye hasira bado, ila siku hizi anakula.