Fundi Anayemwambia Daktari "Njoo Kesho"

Bibi yetu mshauri, shikamoo. Nishike mkono kabla sijajiharibia, maana wa kumwambia sina. Mimi ni fundi cherehani, nina binti mmoja tunayefanya naye kazi, yeye anafunga vifungo na kupiga pasi, mimi nakata na kushona, na mwezi wa pili nilipimwa uvimbe kwenye titi la kulia wakasema ni saratani, nikakatwa titi, nikaambiwa nimewahi ila lazima nitundikiwe dawa ya mshipani mara sita, kila wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, nikaenda mara tatu vizuri tu, nywele zikapukutika nikamwambia binti dawa ya nywele imeniunguza, na sidiria nikajishonea yenye pamba upande mmoja, naye anajua nilitolewa jipu tu. Sasa ya nne iliangukia wiki ya sare za shule, nguo arobaini mezani na wazazi wamejaa mlangoni, nikasema nitakwenda wiki ijayo, ikaja na mashati ya kwaya, nikasema ijayo tena, leo nimepitisha wiki tano na hospitali wakipiga simu naizima. Daktari alisema nitembee, nile mboga, niache soda, mkono niufanyishe mazoezi, lakini nakaa kitini kutwa na soda yangu na biskuti, na mkono umegoma hata kufikia uzi kwenye rafu. Ukweli wenyewe, Bibi, nataka nimalize vitambaa vya watu vyote, nisije nikafa wakaja msibani kudai magauni. Lakini nataka kuishi pia, nataka sana. Nianzie wapi?

Fundi wa Mlango wa Kijani

BIBI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Shule niliiacha bado nahesabu kwa vijiti, lakini barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimetamani kukuchapa. Pole, mwanangu. Pole ya kweli, si ya mdomoni. Haya, nimeshakupa pole, sasa kaa vizuri nikuseme.

Nyie mafundi nawajua. Gauni langu la harusi ya mjukuu nililipata bibi harusi ana mimba ya miezi minne. "Njoo kesho, bibi, bado vifungo." Vifungo gani hivyo? Neno hilo limewaotesha sugu ulimini, na sasa unamwambia daktari! Mteja ukimwambia njoo kesho, atanuna. Ugonjwa haununi. Unakushukuru.

Eti wasije msibani kudai magauni! Tarehe ya msiba kakupa nani? Uliambiwa umewahi. Wewe ulisikia saratani ukaziba masikio, ukaanza kujishonea sanda. Mimi si daktari, na sitakudanganya kwamba hakuna anayekufa. Lakini jirani yangu muuza mkaa alikatwa kama wewe, akamaliza dawa zake huku akitapika na kunitukana, na huu mwaka wa tisa ananigombeza kwa ajili ya kuku wangu.

Kesho, kabla hujafungua mlango wa kazi, piga simu hospitali mwenyewe. Sema, "Nimepitisha wiki tano, nifanyeje?" Watakufokea. Nyamaza, ufanye watakalokuambia. Soda waachie wateja, wewe weka chupa ya maji kando ya cherehani. Sokoni nenda kwa miguu, na mboga uzile wewe, usiwapikie wengine ukabaki na biskuti. Muuguzi akuonyeshe upya mazoezi ya mkono, kisha kila asubuhi pandisha vidole ukutani, na pale vinapokomea piga mstari kwa chaki yako ya kukatia. Ukiona mstari umepanda nusu kidole, piga vigelegele. Nani atakucheka?

Na huyo binti. Nguo zako anafua nani? Basi sidiria ya pamba kaiona zamani, anakustahi tu. Mwite leo, funga mlango, litamke neno lenyewe. Mtalia. Mkimaliza, mpe mkasi umfundishe kukata, maana kufunga vifungo si ufundi, na wewe Alhamisi hutakuwepo. Mzazi akija juu, binti amjibu, "Mama yuko kwenye matibabu." Basi. Hakuna kuomba radhi.

Mtoto wa mtu akikosa sare mpya atavaa ya zamani. Wako akikosa mama, hana pa kuazima.