Mbao Zetu za Nyama, Dada Rukia

Dada Rukia,

Leo sikusalimii sana. Nimekukasirikia, na nikikasirika ni wewe niliyezoea kukuambia.

Ulipozikwa nilikaa na akina mama wa kwenu matanga yote, nikipika chai. Hoteli yetu ilipofunguliwa tena nilifika asubuhi na aproni yangu kama kawaida, nikamkuta mke wa ndugu yako, Sadia, jikoni. Hakunifokea. Alisema kwa upole, "Mama Karambu, Rukia ametuachia sisi hoteli. Alisema wewe ulikuwa mfanyakazi tu."

Mfanyakazi tu! Rukia, tulianza wawili, mwanzoni mwa miaka ya sabini, pale karibu na soko la mifugo, na masufuria ya kuazima. Ule ubao mkubwa wa kukatia nyama nilikuja nao kwa lori kutoka kwa fundi wa kwetu Meru. Wewe ukanifundisha kuutunza: kuusugua kwa chumvi na ndimu, kuusuuza upesi, kuusimamisha kivulini ukauke pande zote, halafu mafuta ya simsim. "Usiuloweke, Karambu. Utakunywa maji, upasuke." Siku za kupaka mafuta ulikuwa unajifuta mikono na kusema, "Hili jiko ni letu, walahi. Nikitangulia, ni lako."

Hata ulipolala kitandani mgonjwa ulinishika mkono ukaniuliza kama mbao zimekauka. Na ulikuwa umeshawaambia wao. Ulikuwa unajua! Hapo ndipo ninapoumia.

Baada ya mvua Sadia alituma mtu aniite. Mbao zinanuka, wateja wananung'unika. Nilitaka kukataa, lakini watu wanakula pale, Rukia, watu tuliowalisha miaka yote. Nikaenda. Mbao zilikuwa zimelala ndani ya karai la maji tangu jana yake. Ule mkubwa ulikuwa umepasuka katikati, na nyama imeoza ndani ya ufa. Nilisugua zile ndogo, nikamwonyesha Sadia kila kitu ulichonionyesha wewe. Ule mkubwa nikamwambia autoe jikoni, haufai tena.

Aliniomba nirudi kazini. Nikasema hapana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Rukia alikukosea?"

Machozi yalinijaa, lakini... sikuweza kukusema mbele yake.

Sasa nina kibanda changu upande wa barabara ya Marsabit. Napika maharagwe na chapati. Wazee wa kwenu Sericho wakileta ng'ombe sokoni hupita kwangu, wanakutaja kwa wema, na mimi naitikia.

Kaburini sijarudi. Wengine wanadhani nimekusahau. Nitakuja, Rukia, nakuahidi, siku nitakayoweza kusimama pale bila kukutukana. Bado haijafika. Lala salama mpaka hapo.

Karambu